Bodi na Karatasi: Vile Unasaka Ndai ya Kitambo Bila Kuingia Box

Leo hatubongi Subaru. Subaru kila msee ako nayo, na kila msee ako na loan yake. Leo ni ndai ya kitambo: ile ya kuamka, kukohoa, kunguruma, alafu base yote inageuza shingo. Na tunaisaka na doh ya kawaida. Hatuna mjomba Karen.

Angalia vile mtaa unakaa saa hii. Vitz, Demio, Fielder, Note. Silver, silver, nyeupe, silver. Ukitoka supa unajaribu kufungua ya wenyewe. Alafu inapita Toyota DX moja safi, rangi ya krimu, stima za mraba, plate haina herufi ya mwisho juu iliandikishwa kabla KAA ianze 1989. Watchie anasimama. Wasee wa boda wananyamaza. Dere wa nganya anapiga honi ya heshima. Hio heshima hakuna benki inaikopesha.

Ukimshow buda, jibu lake unalijua: "Nunua ploti." Ploti Joska. Ploti Kamulu. Ploti yenye stima iko "karibu kufika" tangu enzi za Moi. Muulize saa ngapi, atakujibu ploti. Sawa mzae, tumeskia. Ploti haina gia. Tuendelee.

Kwanza uelewe game

KEBS wako na standard inaitwa KS 1515 ya mwaka 2000. Inasema ndai ya mtumba haiingii Kenya ikiwa imepitisha miaka 8. Hio sheria ndio inatengeneza hii soko yote. Wasee wa ng'ambo wanaamka usiku, wanaona Corolla ya 1983 kwa mnada wa Japan, wanalipa, wanangoja meli. Wewe wa Umo huwezi. Ndai ya kitambo yenye utabuy iko hapa tayari. Iko ocha chini ya mwembe, kuku wanalala ndani. Iko nyuma ya gareji Kariobangi Light. Iko kwa compound ya shosh Nyeri, imefunikwa na turubai ya bluu.

Na haziongezeki, zinapungua. Kila moja ikikatwa ikapelekwa scrap, imeenda milele, hakuna ingine inakuja kwa meli. Ndio maana mi hukasirika nikiona Peugeot 504 nzima inapimwa kwa kilo. Msee akiokoa moja, ameokolea mtaa wote.

Sasa shika sheria moja, andika kwa ukuta wa keja: nunua bodi na karatasi, injini itakuja baadaye. Injini ya DX fundi anaitoa asubuhi, jioni ingine imekaa. Lakini floor ikishaliwa na kutu, ni kukata, kuweld, kunyoosha, filla, rangi, na hio bill haijui kuisha. Na logbook mbovu haina fundi.

Ndai za kusaka

*Toyota DX.* Kwa vitabu ni Corolla KE70, mtaani ni DX na imeisha. Ilitoka Japan 1979, na ndio kizazi cha mwisho cha Corolla sedan kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini ya K ni chuma, pushrod na cheni, hakuna kompyuta ya kukusumbua. Chini ya boneti kuna nafasi ya kutosha, ndio maana wasee wanatia injini ya 4A-GE bila jasho nyingi. Watu wa drift na autocross wanaipenda juu inasukumwa na magurudumu ya nyuma, so bodi nzuri zinashikwa haraka. Ukipata moja imenyooka, usirudi home "kufikiria". Utapata ishaenda.

*Peugeot 504.* Pijo. Ilizinduliwa 1968, 1969 ikabeba Car of the Year ya Ulaya. Ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, alafu 1978 coupe yake ya V6 ikashinda na Jean-Pierre Nicolas. Zaidi ya hio, ilikuwa inaungwa hapa Kenya, na iliendelea kuungwa hata baada ya Ufaransa kusimamisha sedan 1983. Ile station wagon ya viti 7 ndio ilipeleka watu ocha kabla ya shuttle kujulikana. Gia kwa usukani, viti laini kama sofa, na barabara yenye mashimo hata haiiskii. Bado si wengi wameishtukia, na hapo ndio chance yako.

*Datsun.* Kuna 1200 pickup na kuna 160J. Pickup iko na injini ya A12, cc 1171, fundi yeyote wa Grogan anaifungua akibonga na simu. Angalia tyre tu: inakuja na ring ya 12, na ring 12 inasakwa. 160J nayo iko na jina. Shekhar Mehta alishinda Safari miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, na hio familia ya 160J na Violet. Ukiegesha 160J kwa base, hauna haja ya kujieleza.

*Beetle.* Injini nyuma, inapozwa na hewa, haina radieta. Radieta haiwezi kupasuka kama haiko. Ilishinda Safari 1954, 1957 na 1962. Shida ni kutu chini ya betri, na betri yenyewe iko chini ya kiti cha nyuma. Inua kiti. Ukiona lami kupitia hapo, hepa.

Za kulenga ukiwa na doh kedo

BMW E30: bei ishashikwa na wasee wa Insta. Kombi: imekuwa duka la kahawa, kila mtu anaiuzia bei ya kahawa. Land Rover Series: unanunua jina, alafu unanunua ndai mara ya pili ukiirepair.

Na Benz W123. Maze, hii ndio mtego mtamu. Zilitengenezwa kati ya 1976 na 1985, karibu milioni 2.7, so utaipata ya bei poa. Injini haifi. Lakini chrome, taa, swichi, mpira wa windscreen? Hapo ndio utajua mbona mwenyewe anaiuza akitabasamu. Benz ya bei poa ndio Benz ghali zaidi duniani. Wacha ukishaomoka.

Kiswahili cha seller

Seller wa ndai ya kitambo ako na mistari yake, na iko same kutoka Kisumu hadi Likoni.

"Imelala tu." Imededi.

"Ni betri tu." Ni kila kitu, betri ikiwemo.

"Ilikuwa ya mzungu." Mzungu alirudi Uingereza 1990. Watu walioiendesha baada yake hakuna anayewataja.

"Fundi alisema ni kakitu kadogo." Fundi alihama.

"Kuna msee wa Karen anakuja kuichukua kesho." Huyo msee wa Karen amekuwa akikuja tangu mwaka jana. Mwambie seller amsalimie.

Na ukienda ocha kwa mzee, fungua roho na ubadilishe lugha. Hapo hauingii na "buda sema". Hapo ni "shikamoo" kama ni pwani, "habari ya hapa mzee" kama ni bara, unakunywa chai, unaskia stori yote ya vile ndai ilipeleka mama hosi usiku na mvua. Unatulia. Mzee akiona unaipenda, bei inashuka yenyewe. Akiona unaangalia saa, inapanda. Ni nidhamu ya biashara, na ndio pahali pekee kwa hii stori tunawapa wazae maiki.

Kagua bodi kama karao

Beba vitu nne: sumaku ndogo imefungwa kitambaa, bisibisi, tochi, na nguo yenye hauogopi kuchafua. Enda mchana, jua likiwaka, ndai ikiwa kavu. Ikioshwa dakika tano kabla ufike, rangi yote inang'aa, hata uongo.

Anza na sumaku. Pitisha polepole chini ya milango, juu ya matairi, kwa kona za boneti. Chuma inaivuta. Ikifika mahali inaanguka, hapo ni filla imejaa, na chini ya filla kuna stori. Kiganja kimoja cha filla si ngori. Mlango mzima wa filla ni sanamu.

Alafu ingia ndani. Inua carpet ya dere. Inua ya abiria. Hapa usione haya, hata seller akianza kukohoa. Kwa DX, floor ya abiria ndio inaanza kuoza juu maji inaingia kwa mpira wa windscreen, inatembea chini ya dashboard, inalala hapo kimya miaka. Utaona rangi imefura kama imepata malengelenge. Gusa na bisibisi, pole. Chuma nzima inalia "tik". Chuma mbovu haisemi kitu, bisibisi inapita tu, alafu unaona nyasi ya compound. Hapo bei inakatwa ama mguu unatoka.

Fungua boot, toa spea tyre, angalia shimo lake. Lala chini, angalia mihimili ya chesisi. Kama ndai imekaa Mombasa ama Malindi, kagua mara mbili, hewa ya chumvi inatafuna chuma bila kupiga kelele. Ndai ya Nakuru ama Laikipia imekauka kidogo, na kama bei iko sawa, chukua hio ya bara.

Hesabu pia vitu vidogo. Taa zote ziko? Vioo? Grili? Hubcap? Vile vishikio vya kufungua dirisha? Injini utapata. Grili ya 160J haiko kwa kila duka. Ndai nzima yenye haiwaki ni poa kuliko yenye inawaka na imeng'olewa kila kitu.

Injini: skia, nusa, angalia

Gusa boneti ukifika. Kama ni moto, seller ameiwasha mapema kuficha vile inaamka asubuhi. Mwambie utangoja ipoe. Hapo ndio utaskia tena "ni betri tu". Kaa hapo na soda yako, ngoja.

Fungua kifuniko cha oil. Ukipata kitu cha rangi ya chai ya maziwa, maji imeingia kwa oil. Iwashe, simama nyuma. Moshi wa bluu unachoma oil. Moshi mweusi, karbureta inamwaga petroli nyingi. Moshi mweupe usioisha hata ikishapata joto, shuku gasket ya head. Zote zinarepairika, lakini kila moja iko na bei, na hio bei inatoka kwa bei ya seller, haitoki kwako.

Kitu ingine wengi hawajui. Hizi injini zingine zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi. Kenya ilitoka kwa hio petroli kuanzia 2006. Kama head haijawahi kufunguliwa tangu hapo, siku ukiifungua peleka machining waweke seat ngumu za valvu. Ufanye mara moja, usahau.

Ukisaka spea, ni Kirinyaga Road, ile ya wazae kuita Grogan Road, ndio maana mtaa bado unaitwa Grogan. Nenda na kile kipande cha zamani mkononi. Ukienda na maneno, broker anakimbia duka la tatu, anarudi na kitu "inakaa hio", na bei imebeba nauli yake, lunch yake na school fees. Ukienda na kipande, mnalinganisha pale pale kwa kaunta, shimo kwa shimo.

Karatasi, buda, karatasi

Hapa ndio wasee wanalia. Kabla utoe hata thao ya deposit, fanya search ya plate kwa NTSA kupitia eCitizen. Linganisha jina na kitambulisho cha seller. Linganisha namba ya chesisi na ile imegongwa kwa chuma, si ile imeandikwa na marker. Linganisha namba ya injini. Kama injini ilibadilishwa na logbook haijui, wewe ndio utaenda kuieleza. Hata rangi ikibadilika inafaa kuandikishwa.

Sasa ile kesi kubwa. Ndai nyingi za kitambo logbook iko kwa jina la guka, na guka alishalala. Wajukuu wanakuuzia haraka haraka, "karatasi tutatuma". Zii. Mali ya marehemu inapita kortini kwanza. Bila grant iliyothibitishwa, hakuna mjukuu ako na nguvu ya kukuuzia, na hautahamisha hio ndai kwa jina lako. Binamu mmoja atatokea kutoka Kitale na mkutano wa familia utafanyika ndani ya DX yako. Kama hawana karatasi ya korti, wape namba yako, waambie wakimaliza wapige. Kama ndai ni tamu, utangoja.

Doh inagawanywa hivi

Gawa mara mbili. Nusu ya kununua, nusu ya kurepair. Ukiwa na laki 3, ndai yako ni ya laki na nusu, kwisha. Msee anatumia laki 3 yote kubuy, alafu anaipark kwa fundi akisema atatuma kidogo kidogo. Miezi ikipita, karbureta yako unaiona kwa ndai ya mwingine.

So panga kazi hivi: breki kwanza, alafu matairi na usukani, alafu waya, alafu injini, bodi na rangi mwisho. Ndai lazima isimame kabla ikimbie. Lipa kazi ikishaisha, kipande kwa kipande, na spea ununue mwenyewe. Na usiwahi leta ndai kabla ya pahali pa kuipark. Caretaker wa ploti ya kukodi hajali ati Pijo ilishinda Safari.

Insurance? Kampuni nyingi zikiona huo umri zinakupa third party tu. Weka kwa budget na uinunulie fire extinguisher. Karbureta nzee na waya nzee zikikutana, unataka kuwa na jibu.

Luku na kuchoma picha

Inabamba: rangi yake ya kiwandani, rim za chuma na hubcap, usukani wa mbao, carrier ya juu, redio ya kaseti yenye Bluetooth imefichwa nyuma. Plate ya kitambo imeoshwa. Hio ndio clean.

Inachoma picha: spoiler ya Evo kwa Datsun. Exhaust imetengenezwa na bomba la maji, inapiga kelele Thika Road saa nane usiku. Badge ya Type R kwa Toyota. Stima za bluu chini kama club ya Kasarani. Rim ya 17 kwa DX yenye ilizoea 13, alafu inakwaruza fender kila kona. Na sticker kubwa ya "No Fear" kwa ndai yenye inasukumwa na wasee wanne.

Ukitaka kuona standard ya juu, enda Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Iko tangu 1970. Majaji wanaangalia hadi chini ya ndai, wanasaka oil na vumbi. Enda ukaangalie, piga picha za grili na vibao, ongea na wenye ndai. Wasee wa ndai ya kitambo hawaringi, ukiuliza swali moja la karbureta unapewa lecture na namba ya fundi bure.

Wazae wapumzike

Buda anasema ndai nzee haifiki mbali. 1965, Joginder Singh na brathe yake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 yenye ilikuwa ishapigwa rally na wengine kabla wao waichukue. Mtumba kamili. Iliwapiga wote wenye mpya.

Mathe anasema utaaibisha familia ikizima kwa roundabout. Itazima, ndio. Kila ndai huzima. Tofauti ni kwamba Fielder ikizima watu wanapiga honi, DX ikizima watu wanashuka kusukuma na kuuliza ni ya mwaka gani.

Buda wa ploti amerudi tena na brochure. Mwambie tutabuy hio ploti pia, tuweke gareji.

Sasa kazi ni yako. Wikendi hii chukua sumaku, bisibisi na tochi, uingie mtaani. Ukipata imenyooka, fanya search kabla ya stori yoyote. Floor ikilia "tik" na jina kwa logbook ni la msee amesimama mbele yako, lipa leo. Kimoja kikikosa, hepa, hata kama ni tamu aje.